Ndugu wa Uamsho

Katika Kabete ya utoto wangu mtu alihesabiwa kuwa Mkristo kwa ithibati chache zenye kuonekana kwa macho, yaani jina la ubatizo, shati safi siku ya Jumapili, na kuitika kengele ya misheni; wala sikumbuki kuwa yuko aliyepata kutuambia kwamba Mungu aweza kusema na seremala, maana aghalabu tulidhani akiisha kusema na kasisi imetosha.

Wajumbe wa Uamsho, vuguvugu la Kikristo la toba ambalo chimbuko lake lilikuwa Gahini katika Rwanda, walifika kwetu mwaka 1937, Waafrika kwa Wazungu, wakiungama makosa yao hadharani, jambo lililowatia haya wengi katika wakubwa wetu. Baba, aliyekuwa seremala, hakuguswa siku zile. Aliguswa mwaka 1949, baada ya mkutano mkubwa wa Kabete, ndipo tukamwona akitoa uvunguni mwa kitanda nyundo na kopo la misumari, akavitia guniani, akavirudisha kwa bwana wake Mzungu, ambaye, kwa nilivyosikia, alifadhaika kuliko ambavyo angalifadhaika kuibiwa nyundo ya pili.

Tangu hapo desturi yake ilikuwa kuamka kabla ya alfajiri, akasoma sura moja, kisha akanyamaza kitambo kirefu, na lile alilodhani amelisikia hakulitenda papo hapo, bali alilipeleka kwenye ushirika wa watu wa Uamsho, ndugu wakalipima kwa Maandiko, na mara nyingine wakamwambia waziwazi, "Ndugu, hiyo ni hasira yako tu."

Oktoba 1952 ilipotangazwa hali ya hatari katika Kenya, mafunzo hayo yalitiwa katika mizani. Ami yangu alikuja usiku kumtaka baba ale kiapo cha wapiganaji wa msituni, naye akamjibu kwa taadhima, "Kaka, nimekwisha kunywa damu ya Yesu, siwezi kunywa nyingine." Haukupita mwezi, Homugadi, yaani walinzi wenyeji wa upande wa serikali, nao wakamletea bunduki, akaikataa vilevile, akisema hawezi kumwua mtu ambaye Kristo amemfia, hivyo wa msituni wakamwita kibaraka, na wa serikali wakamwita mwasi. Ndugu wengi wa namna yake waliuawa katika miaka ile. Sisi tulichomewa nyumba, tukahamia misheni.

Amani iliporudi, ushirika ukakua, na pamoja na kukua ukapata wazee wake, na wazee wakapata masharti: nywele za wanawake zisukweje, mkopo ni dhambi au si dhambi. Mtu akileta neno alilopewa katika sala, hukumu ilikuwa imekwisha tolewa kabla hajaketi. Siku moja baba alisimama akauliza, "Ndugu zangu, hili mmelisikia kwa nani?" Hawakumjibu, ila jina lake likafutwa katika orodha ya wanenaji.

Nami nasema bila kuficha kwamba katika shauri lile haki ilikuwa upande wake.