Kisu mfukoni, kadi ya kliniki nyumbani
Nina visu vinne vya kukunja, vyote vya marehemu babu wa Kasulu. Kimoja hakikosi mfukoni nikienda kazini Kibondo: namenyea chungwa, nakatia kamba, nachongea penseli za watoto. Wazazi huniuliza, "Kina kutu hicho, huogopi pepopunda?"

Kutu siyo chanzo. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi cha mifugo. Hata kisu king'aacho, kikitoka kumenya muhogo shambani, huweza kuvibeba.

Mzazi, mtoto akijikata, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha mpeleke zahanati na kadi yake. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zina kinga ya pepopunda. Hiyo ndiyo ala ya kwanza ya kisu.