Yoyogi-Uehara: Stesheni Iliyo Jirani na Msikiti

Katika jiji la Tokyo, ndani ya wilaya ya Shibuya, pana stesheni ya reli iitwayo Yoyogi-Uehara. Wenyeji huijua kuwa ni mahali pa kubadilisha treni, na wengi wao huipita kila siku wasitoke nje hata mara moja. Sisi, kama Waislamu wengi wanaolizuru jiji hilo, tulishuka hapo kwa ajili ya msikiti. Lakini kwa kuwa tulikwenda na kurudi kwa siku kadhaa, tulijikuta tukiitazama stesheni yenyewe, na kadiri tulivyoitazama ndivyo tulivyoona kwamba ina mengi ya kumwambia mama aliyewahi kusafiri na watoto katikati ya msongamano.

Kwa sura haina fahari. Imeinuliwa juu ya nguzo, na chini yake yamepangwa maduka ya mikate, kahawa na vyakula, ambamo watu hununua haja zao za jioni kabla ya kwenda nyumbani. Vichochoro vinavyoizunguka ni vyembamba na vya kupanda na kushuka. Ilifunguliwa tarehe 1 Aprili 1927, siku ambayo reli ya Odakyu kutoka Shinjuku hadi mji wa Odawara ilianza kazi, na wakati huo iliitwa Yoyohata-Uehara. Jina la sasa lilikuja mwaka 1941. Kwa nusu karne ilikuwa stesheni ndogo ya pembezoni. Kisha, tarehe 31 Machi 1978, reli ya chini ya ardhi iitwayo Chiyoda ikafika hapo ikitokea katikati ya jiji, na tangu siku hiyo makampuni mawili yanatumia majukwaa yale yale.

Hapa ndipo penye hekima ya mahali hapa, nasi tunaomba ruhusa ya msomaji tuieleze taratibu. Stesheni ina majukwaa mawili na njia nne za reli. Treni za Chiyoda hupita njia mbili za kati, na treni za Odakyu zinazotoka au kwenda Shinjuku hupita njia mbili za pembeni. Matokeo yake ni kwamba kila jukwaa lina treni za makampuni yote mawili, zote zikielekea upande mmoja. Mtu anayetoka viungani asubuhi, akiwa katika treni ya Shinjuku ilhali kazi yake iko Kasumigaseki kwenye ofisi za serikali, au Otemachi kwenye mabenki, hushuka, huvuka jukwaa kwa hatua chache, na huingia katika treni ya pili iliyo mbele yake. Hakuna ngazi ya kupanda, hakuna geti, hakuna tikiti nyingine ya kukata. Kwa kijana mwepesi pengine hilo si jambo kubwa. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni, mwingine mkononi na kigari cha kusukuma, ni tofauti baina ya safari na adhabu.

Treni nyingine hazimlazimu abiria kushuka kabisa. Hutoka reli ya Odakyu zikaingia ya Chiyoda, na baadhi yake huendelea hadi ng'ambo ya pili ya jiji, zikapita Ayase na kuingia reli ya kampuni ya tatu. Abiria ameketi pale pale, anasoma au anasinzia, na kinachobadilika ni dereva tu. Tulisimama mara kadhaa kuangalia makabidhiano hayo: mmoja anashuka, mwenzake anapanda, glavu nyeupe mikononi, ananyoosha kidole kwenye taa ya ishara na kuitamka kwa sauti anachokiona, ijapokuwa hakuna wa kumsikiliza. Wajapani huamini kwamba jicho peke yake husahau, ila jicho, kidole na ulimi vikishirikiana kosa hupungua. Watoto wetu waliuchukua mchezo huo wakaucheza wiki nzima, hata mlango wa jokofu ulinyooshewa kidole.

Tusije tukampa msomaji picha ya pepo. Reli hii kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa zilizosongamana sana nchini. Treni za asubuhi zilibeba karibu mara mbili ya idadi zilizokusudiwa. Mpango wa kuongeza njia kutoka mbili hadi nne, kuanzia Yoyogi-Uehara kuelekea magharibi, uliamuliwa mwaka 1964 na ukakamilika Machi 2018. Katikati ya muda huo wakaazi wa wilaya ya Setagaya, walioogopa kelele za reli itakayopita juu ya paa zao, walikwenda mahakamani, na mwaka 2005 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ikakubali kwamba jirani anayeumizwa na kelele anayo haki ya kushtaki hata kama ardhi yake haikuguswa. Mwaka uliofuata walishindwa katika kesi yenyewe. Lakini mlango waliofungua haukufungwa tena, nasi tunaona kwamba hilo ni jambo la kukumbukwa na kila anayesikia habari za miradi mikubwa ikipitishwa mtaani pake.

Hata baada ya njia kuongezwa, asubuhi ya siku za kazi bado ni nzito. Watu hupanga foleni kwenye mistari iliyochorwa sakafuni, huwapisha wanaoshuka kwanza, mikoba ya mgongoni huhamishiwa kifuani, na simu hazipigwi ndani ya treni. Sisi tuliozoea kivuko cha Likoni saa za asubuhi tulistaajabu jinsi umati mkubwa kiasi hicho unavyoweza kuwa kimya. Hata hivyo ukimya si usalama, na hili ndilo tunalotaka akina mama na mabinti walisome kwa makini. Jukwaani, mahali behewa moja maalumu linaposimama, pamewekwa alama za rangi ya waridi. Ni behewa la wanawake, la asubuhi za siku za kazi tu. Sababu ya kuwekwa kwake haikufichwa: wanaume wasio na haya, wakijificha ndani ya msongamano, huwashika wanawake miili yao. Wajapani wana neno lake, chikan, na mabango ya polisi hulitaja waziwazi kuwa ni uhalifu.

Fikra yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1912 reli ya Chuo mjini Tokyo iliweka behewa la wasichana wa shule, na watu wakaliita treni ya maua. Desturi hiyo ilififia, ikafufuka mwishoni mwa mwaka 2000 katika reli ya Keio, kwanza kwa treni za usiku. Na Mei 2005 makampuni mengi ya Tokyo, Odakyu ikiwemo, yalianza kwa pamoja. Hakuna sheria inayomkataza mwanamume kuingia. Behewa linasimama juu ya heshima ya watu. Wavulana wa shule ya msingi wanaruhusiwa, na vilevile wenye ulemavu pamoja na wanaowasaidia. Tulipanda siku mbili. Mmoja wetu alikuwa amevaa buibui, na hakuna aliyemkodolea macho. Bibi mmoja wa makamo alisogeza mkoba wake akampa nafasi, akainamisha kichwa kidogo, akarudi katika kitabu chake. Raha tuliyoiona humo ilichanganyika na huzuni. Nchi iliyoweza kupanga treni zake zisipishane hata kwa dakika bado imelazimika kuwatengea wanawake behewa ili wafike kazini bila ya kuguswa.

Kwa watoto habari ni njema zaidi. Wanafunzi wadogo husafiri peke yao, mabegi magumu ya ngozi migongoni. Na tangu Machi 2022 reli ya Odakyu imeshusha nauli ya mtoto anayetumia kadi kuwa yeni 50, aende stesheni moja au aende mwisho wa njia. Tulipiga hesabu ya familia yetu, tukafurahi.

Kutoka stesheni hadi msikitini ni mwendo wa kama dakika tano. Mnara wake mweupe, wenye urefu wa zaidi ya mita 41, husimama juu ya nyumba za jirani kama uliopotea njia kutoka Istanbul. Waliouanzisha ni Watatari, Waislamu wa nchi ya Urusi waliokimbia baada ya mapinduzi ya mwaka 1917, wakapita Manchuria hadi wakafika Japani, na wengi wao wakaishi kwa kuchuuza vitambaa nyumba kwa nyumba. Kabla ya msikiti walianzisha shule ya watoto wao, na wakawa na mtambo wa kuchapa herufi za Kiarabu. Msikiti ulifunguliwa tarehe 12 Mei 1938, stesheni ikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Miongoni mwa maimamu wake wa mwanzo alikuwa Abdurreshid Ibrahim, msafiri na mwanachuoni, aliyefariki mjini humo mwaka 1944. Jengo lile lilichakaa, likabomolewa mwaka 1986, na kwa zaidi ya miaka kumi pakabaki uwanja mtupu. Jengo la sasa, lililosanifiwa na Hilmi Şenalp wa Uturuki, lilifunguliwa mwaka 2000. Wanawake huswali ghorofa ya juu, chini ya kuba lililojaa nakshi, na Wajapani wasio Waislamu huja kutembezwa. Wanawake wao huazimwa mitandio mlangoni.

Anayekusudia kwenda, na ajue kwamba nyakati za swala huko haziendi kama za kwetu. Mwezi wa Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na nusu, na Alfajiri huwa imeingia wakati treni ya kwanza bado haijaondoka. Mwezi wa Disemba jua huzama saa kumi na nusu jioni, na toka Adhuhuri hadi Magharibi ni saa tano tu. Mwanamke wa Kiislamu anayefanya kazi ofisini hukutwa na Magharibi akiwa kazini au njiani, na stesheni hii, kwa kuwa treni zake ni nyingi na mabadiliko yake ni mepesi, humwezesha kushuka, kuswali na kurudi jukwaani bila ya kuchelewa sana nyumbani. Jioni moja ya baridi tuliteremka mteremko pamoja na wanawake watatu wa aina hiyo. Getini wakaagana, wawili wakapanda jukwaa la kwenda viungani, mmoja la kwenda mjini, na watoto wetu wakapitisha kadi zao, yeni hamsini kila mmoja.