Nyuzi 63, nyuzi 32: jibini letu la nyumbani



Ndugu zangu wasomaji, tangu ile futari ya pamoja ya Ramadhani iliyopita, akina dada kadhaa wa hapa Nyamirambo pamoja na wanafunzi wetu walioko mabwenini wamekuwa wakiniuliza juu ya jibini tulilolileta, kwamba tulilinunua wapi na kama ni halali. Nikiwajibu kuwa limetengenezwa jikoni kwetu, juu ya jiko la mkaa, swali la pili huwa lile lile: mbona wao wakijaribu maziwa hayagandi kabisa, au yanaganda lakini jibini linatoka gumu kama raba ya ndala? Nimeona bora niandike hapa mara moja ili nisirudie kwa kila mmoja. Karibu mambo yote yanarudi kwenye joto la maziwa.

Lakini kwanza nieleze kwa nini nyumbani kwetu jambo hili halikuwa la mchezo. Miaka michache iliyopita baba watoto aliumwa. Homa ilikuwa ikija jioni, usiku anatoka jasho hadi shuka linalowa, asubuhi anaamka kama mzima ila viungo vyote vinamuuma. Zahanati moja ilimtibu malaria, akamaliza dawa, homa ikarudi. Wakamtibu malaria tena. Mwezi wa pili ukaingia, kilo zinapungua, na kazini wameanza kunung'unika. Hatimaye daktari mmoja mzee, Allah amlipe kheri, akamwuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza: "Wewe unakunywa maziwa mabichi?" Damu ikapimwa, ikaonekana ni brusela, ugonjwa wa mifugo unaoingia kwa binadamu kupitia maziwa yasiyochemshwa au kwa kumhudumia mnyama mgonjwa. Alimeza dawa za aina mbili, doksisaiklini na rifampisini, kwa wiki sita mfululizo. Alhamdulillah alipona. Tangu siku hiyo aliweka sheria: maziwa ambayo hayajachemka hayaingii kwenye kikombe cha mtu yeyote nyumbani humu.

Na maziwa yenyewe yanatoka kwa mama yake. Mama mkwe wangu anaishi upande wa Nyagatare, ana ng'ombe wawili, na kila akija Kigali huja na maziwa. Kwa wazee kama yeye, maziwa ni ya kunywa kama yalivyo, au ya kuachwa yagande yenyewe yawe ikivuguto. Kuyaweka motoni anaona ni kuyaharibu, na moyoni anaamini kuwa hata ng'ombe anadhurika. Mara ya kwanza aliponiona nayachemsha aliniambia kwa upole, "Mwanangu, unayaua." Mume wangu yuko upande ule, mama yake yuko upande huu, nami nimesimama katikati na sufuria mkononi. Mwenye kuolewa anajua nafasi hiyo ilivyo.

Jibini lilinivutia kwa sababu hiyo hiyo, kwamba linakaa katikati yao. Maziwa yaliyochemka sana hayafai kwa jibini la kugandishwa kwa reneti. Ndani ya maziwa mna protini za aina mbili kubwa: kuna kaseni, ndiyo inayoganda na kuwa jibini, na kuna zile zinazobaki kwenye maji ya kimanjano baada ya maziwa kuganda. Joto likipanda sana, hizi za pili zinabadilika umbo na kung'ang'ania juu ya kaseni, hivyo reneti haifiki pale inapotakiwa ikate. Utasubiri saa nzima upate uji. Ndiyo sababu pia yale maziwa ya pakiti yanayokaa miezi bila friji hayagandi kwa reneti, kwa kuwa kiwandani yamepitishwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 130. Dada zangu wengi waliokuja kulalamika walikuwa wametumia hayo. Tatizo halikuwa mikono yao.

Basi mtu atauliza, kama hayachemshwi, si yale yale mabichi yaliyomlaza baba watoto? Hapana. Vijidudu vya brusela, na vile vya kifua kikuu cha ng'ombe, havihitaji maziwa yafoke ndipo vife. Maziwa yakifika nyuzi 63 na kukaa hapo dakika 30 kamili, yamesafika. Kwa nyuzi 72, sekunde 15 zinatosha, lakini hiyo ni kazi ya mitambo. Kwa jiko la mkaa huwezi kuigusa 72 na kuiacha kwa sekunde. Nyuzi 63 kwa nusu saa ndiyo njia ya jikoni. Baba watoto sikumshawishi kwa maneno, nilimwomba akae na saa yake na aangalie kipimajoto mwenyewe. Alikaa. Joto liliposhuka hadi 61 katikati ya muda aliniambia tuanze kuhesabu upya, na alikuwa na haki.

Siweki sufuria ya maziwa moja kwa moja motoni. Naweka sufuria kubwa yenye maji, na ndani yake ile ya maziwa, kwa hiyo moto unapasha maji na maji yanapasha maziwa. Mkaa hauna swichi, ila maji yanatuliza hasira yake. Nakoroga polepole kwa mwiko hadi chini kabisa, na kipimajoto nakishika katikati ya maziwa bila kugusa chuma, kwa sababu chuma kitakudanganya. Likikaribia 60 naondoa makaa mawili matatu, maana joto huendelea kupanda lenyewe hata moto ukipungua. Mfuniko nao usiusahau, hewa ya juu ya maziwa hupoa upesi.

Kuhusu kipimajoto chenyewe. Tafadhali msichukue kile cha kumpima mtoto homa. Kinaishia nyuzi 42, na vile vya zamani vya kioo vina zebaki. Kikipasuka ndani ya chakula, mwaga chakula chote. Tafuta cha jikoni cha chuma kinachofika 100 au zaidi. Kabla ya kukiamini kijaribu. Hapa ndipo dada mmoja alitaka kutupa chake kipya, kwa sababu alikitia kwenye maji yanayochemka kikasoma 95, akaona amepunjwa dukani. Hakupunjwa. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa hapa ni nyepesi, na maji huchemka karibu nyuzi 95. Ndugu zetu wa Mombasa na Dar es Salaam ndio wanaopata 100. Ukitaka jaribio lisilotegemea mlima, ponda barafu, tia maji kidogo, koroga, subiri dakika mbili. Mahali popote duniani kinatakiwa kisome sifuri. Kikisoma 2, basi jua kinazidisha mbili, nawe uzitoe kila unapopima.

Baada ya ile nusu saa, maziwa yanatakiwa yashuke hadi nyuzi 32, tena upesi. Naingiza sufuria kwenye beseni la maji baridi na kubadilisha maji mara tatu. Usiyaache yapoe yenyewe juu ya meza mchana kutwa, maana ukishaua vijidudu vibaya, vingine vilivyo hewani vinatafuta mahali pa kuhamia, na maziwa ya vuguvugu ni nyumba nzuri kwao.

Kwa nini 32? Kwanza kwa ajili ya hamira ya maziwa. Mimi natia ikivuguto ya dukani, iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyosafishwa kwa joto, kijiko kimoja cha chakula kwa lita. Vile viumbe vyake vidogo vinavyoleta uchachu vinapenda karibu nyuzi 30. Ukivitia kwenye maziwa ya nyuzi 45 umevipika. Pili kwa ajili ya reneti. Reneti inafanya kazi tangu nyuzi 30 hadi 40 na kitu, kwenye maziwa ya baridi inalegea, na kwenye ya moto sana inakufa kabisa. Baada ya kutia ikivuguto nasubiri dakika 40, kisha nachanganya reneti na maji kidogo yaliyochemshwa yakapoa (maji ya bomba yenye klorini yanaidhoofisha), namimina, nakoroga kwa dakika moja tu, halafu nafunika. Nazungushia sufuria blanketi la mtoto na hakuna anayeruhusiwa kuigusa kwa dakika 45. Hata kuitikisa kidogo kuona kama tayari kunaharibu.

Hapa nifungue mabano juu ya uhalali, maana niliulizwa. Reneti ya asili hutoka tumboni mwa ndama. Ikitoka kwa ndama aliyechinjwa kisheria hakuna tatizo. Wanavyuoni walitofautiana juu ya ile inayotoka kwa mnyama asiyechinjwa kisheria: Imam Abu Hanifa aliiona ni safi, Imam Malik na Imam Shafi'i waliiona ni najisi, na kuna mapokezi kuwa masahaba walikula jibini la Wamajusi. Kwa upande wangu natafuta wepesi ulio salama zaidi, yaani reneti isiyotoka kwa mnyama. Ipo inayotokana na kuvu, na ipo inayozalishwa na vijidudu, ambayo Marekani iliikubali mwaka 1990 na leo inatumiwa sana viwandani. Soma kibandiko. Kama kimeandikwa pepsini bila kutaja imetoka wapi, iache, kwa sababu pepsini nyingine hutoka kwa nguruwe. Mwenye shaka amwulize sheikh wa msikiti wake, mimi ni mpishi tu.

Turudi kwenye sufuria. Maziwa yakiganda vizuri, ukichoma kisu na kuinua kidogo, yanapasuka kwa mstari safi na maji ya kimanjano yanachungulia. Kata vipande vya ukubwa wa maharage. Kisha pasha moto tena, safari hii hadi nyuzi 38, na hapa ndipo subira inapimwa. Nyuzi moja kwa kila dakika tano, yaani nusu saa nzima kwa nyuzi sita tu. Wanaoharakisha wanaona ni ucheleweshaji wa bure, lakini kila kipande kinatakiwa kikamuke maji yake pole pole kutoka ndani. Ukikipiga moto ghafla, nje kunafunga ngozi na maji yanabaki ndani, na jibini linakuwa gumu nje, bichi ndani, na baada ya siku chache chungu. Ile raba ya ndala mnayoilalamikia ilizaliwa hapa. Halafu unachuja kwa kitambaa cheupe kilichochemshwa, unakandamiza chini ya uzito usiku kucha, unatia chumvi. Lita kumi hutoa takriban kilo moja, basi mtu asiwe na tamaa kubwa.

Siku moja mama mkwe alikuwa ameketi pembeni yangu wakati wa upashaji huu wa pili. Alinawa mikono, akatia kidole, akasema, "Haya sasa ndiyo maziwa, yako kama yanapotoka kwenye chuchu." Nilitazama kipimajoto: 38. Joto la mwili wa ng'ombe ni 38 na nusu hivi. Mkono uliokamua kwa miaka hamsini haukuhitaji chuma. Wafugaji wa zamani walikuwa wakigandisha jibini bila kuwasha moto, kwa joto la mnyama mwenyewe, na ukifikiri utaona jambo hili lina mantiki, kwa kuwa reneti iliumbiwa tumbo la ndama. Kwa kugandisha na kupasha basi, kidole cha mzoefu kinaaminika. Kwa zile nyuzi 63 hapana, hakuna kidole kinachojua tofauti ya 58 na 63, na hapo katikati ndipo homa inapopita.

Kwa wanafunzi wasio na kipimajoto wala reneti, kuna jibini la ndimu, ambalo Wahindi wanaliita paneer. Hili halitaki maziwa yabembelezwe. Yachemshe hadi yapande, epua, subiri dakika moja, tia maji ya ndimu kidogo kidogo huku ukikoroga, vijiko vitatu au vinne vya chakula kwa lita mbili, hadi maji yawe ya kijani kibichi hafifu. Linataka joto la nyuzi 85 kwenda juu, na kuchemka kwetu kwa 95 kunatosha. Kwa kuwa hapa asidi na joto vinafanya kazi pamoja, hata zile protini nyingine zinanaswa. Haliyeyuki kwenye kikaango, linafaa sana na mchuzi wa mchicha. Maji yanayobaki msiyamwage, yakandieni chapati.

Mume wangu sasa anakula jibini letu bila kuuliza. Mama mkwe safari ya mwisho alileta lita kumi badala ya tano, na alipoondoka alinitaka nimtafutie kipimajoto chake cha kupeleka Nyagatare, nikamnunulia. Jibini ametengeneza mara mbili tayari, na majirani zake wamelipenda. Maziwa ya kikombe chake cha asubuhi, hayo bado hataki kuyaweka motoni. Mwanawe anampigia simu kila Ijumaa juu ya jambo hilo.