Coco Beach kabla ya saa tano asubuhi

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaijua Coco Beach ya jioni. Familia hufika saa kumi, watoto huchezea mchanga, mihogo ya kukaanga na mishikaki huagizwa, picha hupigwa, na giza likiingia safari ya kurudi huanza. Miamba hawaioni. Saa hizo, hasa Jumapili zinazoangukia mwezi mpevu au mwezi mwandamo, bahari inakuwa imeifunika.

Familia moja ya Mbagala, baba, mama, watoto wawili na bibi mzaa baba, ilikuwa na mazoea hayohayo mpaka bibi alipokataa. Yeye alikulia Kisiju, huko Mkuranga, ambako wanawake hushuka kuchokoa pweza maji yakipwa. Aliangalia kalenda ya ukutani, upande wa tarehe za Kiislamu, akakuta Jumapili ile ni tarehe 16.

"Hiyo ni bamvua," alimwambia mwanawe. "Tukiondoka saa moja tutakuta bahari imekauka. Mkitaka jioni, nendeni wenyewe."

Baba, ambaye Jumapili ndiyo siku yake pekee ya kulala, alinung'unika kidogo. Lakini mama mzazi akishasema, nani atabisha?

Daladala mbili na bajaji moja ziliwafikisha Oysterbay saa tatu na nusu. Watoto walisimama wakidhani wamepotea. Pale walipozoea kuona mawimbi palikuwa na uwanja wa mwamba wa kahawia na mweusi, wenye matundu kama mkate wa kumimina, ukienda mbali kuelekea baharini. Kwa upande wa kusini Daraja la Tanzanite lilionekana limesimama juu ya maji machache kuliko walivyozoea.

Mwamba huo ni matumbawe. Ulijengwa na viumbe wadogo wa baharini wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Bahari ikashuka, nyumba zao zikabaki na kugeuka jiwe. Miamba ya namna hii katika pwani ya Afrika Mashariki ina umri wa zaidi ya miaka laki moja. Mtoto wa kiume, mwenye miaka kumi, aliinama akaona michoro ya nyota ndogondogo ndani ya jiwe. Hakuna aliyeichora. Jiwe hilohilo ndilo lililojenga msikiti wa kale ambao magofu yake yako Kunduchi, na Boma la Kale kule mjini, la enzi za Sultani Majid miaka ya 1860.

Katika vidimbwi walikuta kaa, kiti cha pweza na jongoo bahari. Bibi alikuwa na masharti mawili: angalia, usibebe, na usitie mkono kwenye shimo usiloona mwisho wake, maana mkunga habishi hodi. Watoto walivaa yeboyebo, na mama alishukuru kwa hilo, kwani mwamba unakata kama wembe na wale wenye miiba mieusi wamejaa nyufani. Malapa hayafai, yanateleza.

Bibi hakwenda mbali. Magoti hayamruhusu tena. Alikaa kwenye jiwe, miguu ndani ya kidimbwi, akawa kimya muda mrefu.

Ni yeye aliyeona. Ilikuwa imefika saa sita mchana. Kijana alikuwa ukingoni kabisa na wenzake aliokutana nao hapo, akichungulia mashimo.

"Mume wangu, rudi!" bibi alipaza sauti.

"Bado, Bibi, huku pakavu!"

Alikuwa anasema kweli. Pale aliposimama palikuwa pakavu. Ila maji hayaji kwa mbele tu kama watu wanavyodhani. Hupenya kwenye mifereji ya mwamba, yakazunguka nyuma, na mahali pa juu panakuwa kisiwa mtu akiwa bado anafurahia. Baba aliwafuata. Kwenda, maji yalimfika magotini. Kurudi, mwanawe mgongoni na wenzake wawili wakimshika shati, yalikuwa mapajani. Simu iliyokuwa mfukoni haikuwaka tena siku hiyo. Mama hakusema neno kwa karibu nusu saa.

Mzazi anayepanga kwenda ajue hesabu hii. Siku za bamvua maji ya Dar es Salaam hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, tofauti ikiwa zaidi ya mita tatu. Saa ya kwanza hupanda polepole, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Saa ya tatu na ya nne huja mbio. Saa tano na nusu ikifika, watoto wawe mchangani.

Saa nane familia ilikuwa inakula mihogo na kachumbari, mwamba ukiwa umebaki vipande. Familia nyingine ikashuka na mpira. Kijana alimwonyesha mtoto wa rika lake kule alikosimama asubuhi; yule akatazama, akaona maji matupu, akacheka.

Bibi alikuwa anahesabu kwa vidole. Bamvua nyingine ni baada ya wiki mbili, Jumapili tena, mwezi ukiandama. Baba akauliza wataondoka saa ngapi.