Swali Lilikuwa la Nani

Nilipokuwa nasoma shahada ya kwanza pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kujisomea kulikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeuhoji. Unatafuta desa, yaani maelezo ya somo yaliyokwisha kuandaliwa, unalipitia mpaka linakaa kichwani, kisha unakusanya pepa za miaka ya nyuma na kuzifanya. Desa zuri lilithaminiwa kuliko kitabu. Lilirithiwa kutoka kwa waliotutangulia, limetolewa kopi juu ya kopi hadi michoro imefifia, na pembeni unakuta mwandiko wa mtu aliyekwisha kuhitimu siku nyingi: "Hii inatoka kila mwaka." Mstari huo wa kalamu ulituambia swali ni lipi, kazi yetu ilikuwa kuliandalia jibu.

Sidharau utaratibu huo, maana najua ulikotoka. Mtoto wa Kitanzania anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu anaingia kidato cha kwanza na masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Sentensi usiyoielewa utaifanyaje zaidi ya kuikariri? Akishazoea hivyo kwenye prepo za bwenini, anafika chuo kikuu na mazoea yaleyale. Vitabu navyo vilikuwa haba. Nakala ikishaazimwa na aliyewahi maktaba, darasa zima linabaki na desa.

Tulikuwa na kitu kimoja cha thamani kubwa: diskasheni. Jioni, chini ya miti, watu sita au saba, mmoja akieleza mzunguko wa naitrojeni kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza, wengine wakimkatiza: "Subiri, rudia hapo." Mpaka leo naona diskasheni zile zilikuwa shule bora kuliko mihadhara mingi niliyoisikiliza, huku na ughaibuni.

Göttingen, Ujerumani, nilikokwenda kwa shahada ya uzamili ya misitu, nilikuta hesabu nyingine. Maelezo ya kozi yaliandikwa wazi: krediti 6, sawa na saa 180 za kazi, saa 56 darasani, saa 124 kujisomea. Ndivyo vyuo vya Ulaya vilivyojipanga baada ya Azimio la Bologna la mwaka 1999, na Ujerumani krediti moja huhesabiwa saa 30. Shahada nzima ya uzamili ni krediti 120, yaani saa 3,600, na sehemu kubwa ya saa hizo hakuna mwalimu mbele yako. Hakuna aliyeita mahudhurio. Hakuna desa. Kulikuwa na orodha ya makala, nyingine zikipingana, na tarehe ya mtihani mwisho wa muhula.

Watu walipenda kusema kwamba wanafunzi wa kigeni tunapata shida kwa sababu ya lugha, au kwa kuwa tunawaogopa maprofesa. Upo ukweli hapo, lakini kiini hakiko hapo. Wenzangu kutoka Indonesia, Ethiopia na Kolombia walikuwa wakisoma hadi maktaba inafungwa. Tulisoma kila ukurasa kwa uzito uleule kwa kuwa hatukuwa na swali la kutuonyesha upi una uzito. Miaka yote swali lilikuwa mali ya mwalimu au ya baraza la mitihani. Pale lilikuwa letu, na hakuna aliyetutangazia.

Nililiona hilo waziwazi kwenye mtihani mmoja wa mdomo. Profesa aliweka mezani picha ya msitu: miti mirefu michache, pengo katikati, miche imejaa upande mmoja tu. Nilitegemea aniulize majina ya miti au njia za uvunaji. Akasema, "Kabla hujashika shoka, ungependa kujua nini kuhusu msitu huu?" Nilikaa kimya, macho kwenye ile miche. Nikaanza na hiyo: kwa nini huku na si kule? Ni mwanga, ni mifugo, ni moto, ni udongo? Nani anaingia humo kutafuta kuni? Kila swali lilizaa jingine, yeye akawa anaandika tu. Nadhani sikutoa jibu hata moja siku ile, na nilifaulu.

Aliyenionyesha namna ya kuishi hivyo kila siku ni dada mmoja Mwethiopia tuliyesoma naye. Kabla ya kusoma makala aliangalia kichwa chake tu, akaandika kwenye karatasi tupu anachodhani mwandishi atasema, na mambo mawili matatu anayotaka kuyajua. Ndipo anasoma. Akimaliza anaifunga, anageuza karatasi na kuandika kwa maneno yake alichobaki nacho, bila kuchungulia. Palipobaki pengo ndipo aliporudi kusoma. Wengine tulimaliza makala nne jioni moja. Yeye alimaliza moja, na mwezi uliofuata bado alikuwa nayo.

Baadaye nilikutana na utafiti wa Roediger na Karpicke wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2006. Wanafunzi waliosoma kifungu kisha wakajipima walikumbuka asilimia 56 baada ya wiki moja. Waliorudia kukisoma, asilimia 42. Baada ya dakika tano tu mambo yalikuwa kinyume, waliorudia wakaongoza. Ndiyo maana kurudia desa usiku wa kuamkia pepa kulitupa moyo sana. Na zile pepa za zamani hazikuwa ujinga hata kidogo: kule ndiko tulikojipima. Kilichokosekana ni maswali yetu wenyewe.

Kulekule Göttingen tuliifufua diskasheni jikoni kwenye hosteli, na sharti likawa kila mtu aje na swali lake. Wajerumani wawili wakajiunga, maana kwao kila mmoja alisoma peke yake.

Nimerudi Morogoro na uhaba uliozaa desa umepungua sana. Mpango wa AGORA, ulioanzishwa na FAO na washirika wake mwaka 2003, ulizifungulia taasisi za nchi maskini majarida ya kilimo. Leo mwanafunzi anapakua makala kwenye simu akiwa kitandani. Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa mwaka 2022, hata makala haisomwi, inafupishwa. Hilo linanitia hofu ya kweli. Vijana wanaoondoka kwenda kusoma nje wanakwenda na jibu la kila kitu mfukoni, na zile saa 124 bado zinawasubiri.

Binti mmoja ninayemwandaa kwa safari hiyo hakubaliani nami. "Mimi siiombi majibu, Mwalimu," aliniambia. "Naiambia iniulize." Nikamjibu kwamba hata hivyo swali ni la mashine. Akafungua daftari. Kijijini kwao Kilosa watu wanachoma mkaa, naye ameona baadhi ya visiki vinachipua na vingine, hatua chache tu pembeni, vinakufa. Anataka kujua kwa nini. Mashine ilimpa sababu tano. Ameziandika zote, mbili amezikata kwa kalamu nyekundu kwa sababu haziendani na alichokiona, na mbele ya zilizobaki ameandika atakachokwenda kukiangalia likizo hii.