Pete Mbili za Iringa

Shosti, kama unataka kuzijua Nyanda za Juu Kusini, panda basi la timu ya netiboli ya chuo! Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, nasi tuliimba njia nzima: Igawa, Makambako, Mafinga, hadi Ipogolo, ambako unaiacha barabara kuu na kupanda mlima kuingia mjini. Usisahau sweta. Baridi ya Juni huku haina adabu.

Tulikwenda kwenye mashindano ya vyuo. Asubuhi mechi, jioni tunazurura sokoni, usiku stori bwenini. Tukaingia fainali, na hapo ndipo utamu ukachanganyika na uchungu. Mchumba wangu akapiga simu kutoka Mbeya: siku hiyohiyo anataka kunitambulisha kwao. "Chagua, mpira au pete."

Jioni nikapanda Gangilonga, mwamba ulio juu ya mji, ambao jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Mji wote uko chini yako, jua linazama, raha tupu. Mimi jiwe halikuniambia kitu. Nikakumbuka sheria yetu: mpira ukae mkononi sekunde 3 tu, kisha utoe. Nikampigia: "Nabaki na wenzangu. Waombe wazee siku nyingine."

Fainali tulifungwa kwa mabao 2. Pete ya kidoleni bado sijaiona. Ile ya golini, mita 3.05 juu, niliilenga mpaka filimbi ya mwisho, na safari ya kurudi nikalala fofofo begani kwa senta wetu.