Kadi ya Zaka na Kodi ya Kanisa

Mkatoliki akifariki hapa Köln, hakuna anayeuliza kama alikuwa anatoa zaka. Familia inapigia simu kampuni ya mazishi, kampuni inapigia ofisi ya parokia, siku inapangwa. Parokia inaangalia jambo moja: je, marehemu alikuwa bado ameandikishwa kuwa Mkatoliki? Kama ndiyo, atazikwa Kikatoliki, awe alikuwa mkurugenzi wa benki au mtu aliyeishi kwa posho ya serikali na hajakanyaga kanisani tangu Kipaimara.

Nyumbani Dar es Salaam simu ya kwanza inakwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya, yaani Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ya mtaa. Naye, kabla hajafika kwa paroko, anajua maswali yatakayomsubiri. Marehemu alikuwa anasali jumuiya? Kadi yake ya zaka, ile inayotiwa saini kila mwezi anapotoa, ikoje?

Nimezisoma nyingi, na zimenichosha, makala za sisi tulio ughaibuni zinazosema Wazungu wana mfumo, sisi tuna utu. Kwenye kuzika mambo hayajakaa hivyo hata kidogo.

Tuanze na fedha, kwa sababu ndizo zinazozungumzwa kwa sauti ya chini. Ukifika Ujerumani unajiandikisha katika ofisi ya wakazi, na kwenye fomu kuna sehemu ya dini. Wengi wetu tunajaza “Katoliki” kwa moyo mweupe, kama tunavyojaza jina la baba. Mshahara wa kwanza ukiingia, kwenye hati kuna makato ambayo hukuyategemea. Ndiyo kodi ya Kanisa. Katika majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg ni asilimia 8 ya kodi ya mapato, kwingineko asilimia 9. Anayekatwa kodi ya mapato euro 400 kwa mwezi hapa Köln, anakatwa 36 nyingine za Kanisa. Anayekusanya ni serikali. Inabakiza asilimia chache kwa kazi hiyo, zinazobaki inazipeleka kwa Kanisa. Msingi wake ni Katiba ya Weimar ya mwaka 1919, ambayo vifungu vyake vya dini viliingizwa katika Katiba ya mwaka 1949 inayotumika hadi leo. Mwaka 2023 Kanisa Katoliki peke yake lilipata takriban euro bilioni 6.5 kwa njia hiyo.

Nikiwasimulia ndugu zangu nyumbani wanacheka, wanasema basi padre wa huko hana haja ya harambee. Kuna jambo linalowapita. Kodi hiyo inapimwa kwa kodi ya mapato, kwa hiyo asiye na kodi ya mapato hadaiwi kitu. Mwanafunzi, mstaafu wa pensheni ndogo, asiye na kazi, mama anayelea watoto peke yake kwa posho, wote ni Wakatoliki kamili bila kutoa senti. Hawana kadi yenye miezi mitupu. Mwenzao aliyekaa nao benchi moja hajui nani analipa na nani halipi, na padre anayewapa Komunyo hajui pia.

Lakini jaribu kutoka Kanisani, ndipo utaona meno. Katika jimbo hili unakwenda mahakama ya wilaya, unalipa ada ya euro 30, unasaini kwamba hutaki tena kuhesabiwa, na makato yanakoma. Mwaka 2012 maaskofu wa Ujerumani walitoa waraka wa kisheria kuhusu watu wa namna hiyo: hawapokei Ekaristi wala Kitubio, isipokuwa katika hatari ya kufa, hawawi wasimamizi wa Ubatizo, hawaingii katika halmashauri ya parokia. Wasipoonyesha toba kabla ya kufa, wanaweza kunyimwa mazishi ya Kanisa. Na bado watu wanatoka. Mwaka 2022 walitoka zaidi ya 520,000, mwaka 2023 zaidi ya 400,000. Ni kosa kudhani wote hao wanakimbia makato. Mwaka 2018 maaskofu walitangaza utafiti waliouagiza wenyewe, ulioonyesha watoto 3,677 walionyanyaswa kingono na mapadre, mashemasi na watawa kati ya 1946 na 2014, kwa hesabu ya majalada yaliyopatikana. Kuna bibi wa parokia yangu aliyeimba kwaya maisha yake yote, akaenda kusaini mahakamani. Sikuthubutu kumwambia lolote.

Kwa hiyo hapa pia fedha na jeneza vimefungwa kamba moja. Tofauti ni kwamba umaskini haukutoi Kanisani. Anayetoka anatoka kwa miguu yake na kwa saini yake.

Twende nyumbani. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo hazikuletwa na wamisionari wa zamani, kama baadhi ya vijana wanavyodhani. Zilishika mizizi baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ingawa wazo lilitangulia kidogo. Maaskofu wa Congo walianza kuongea habari za jumuiya hai tangu mwaka 1961, kabla hata Mtaguso haujafunguliwa. Maaskofu wa Afrika Mashariki kupitia umoja wao, AMECEA, wakazifanya mpango wao wa kichungaji katika mikutano ya Nairobi ya 1973 na 1976. Wazo lilikuwa kwamba parokia yenye waamini maelfu na padre mmoja au wawili haiwezi kuwa familia, ila nyumba chache za mtaa mmoja zinaweza. Tanzania ya wakati ule, yenye balozi wa nyumba kumi kila kona, ililielewa wazo hilo haraka.

Na linafanya kazi. Aliyelelewa Tabata au Kimara anajua: Jumamosi alfajiri viti vya plastiki vimepangwa uani kwa mtu, Injili ya Jumapili inasomwa, kila mmoja anasema neno lililomgusa, halafu yanafuata matangazo. Nani amelazwa. Nani amejifungua. Nani amefukuzwa kwenye chumba kwa kodi ya nyumba. Mchango unapitishwa hapohapo, na jioni kina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, wako hospitalini na chupa ya uji. Sijaona kitu cha namna hiyo hapa. Caritas ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1897, ina waajiriwa wapatao laki saba, ina hospitali, nyumba za wazee, ofisi za ushauri wa madeni na za wakimbizi. Gharama zake nyingi zinalipwa na bima na serikali. Kodi ya Kanisa inachangia sehemu ndogo. Wanafanya kazi nzuri, nimesaidiwa nao. Ila wanakujua kwa namba ya jalada, na ili usaidiwe unahitaji karatasi ya kuthibitisha kwamba huna kitu.

Msiba ukitokea Dar, jumuiya ndiyo inayoubeba. Turubai, viti, masufuria, kesha la usiku, kwaya, rambirambi, gari la kwenda makaburini. Hakuna kampuni inayotoa huduma hiyo kwa bei ambayo familia ya kawaida ingeimudu. Ndiyo maana viongozi wa jumuiya wana hoja wanaposema Kanisa si kampuni ya mazishi. Wapo watu, tena wenye magari mawili, ambao hawajawahi kukesha kwenye msiba wa jirani, hawajui jumuiya yao inaitwa mtakatifu gani, halafu siku ya kufiwa wanataka mapadre watatu madhabahuni. Daftari la mahudhurio na kadi ya zaka vilianza kama dawa ya watu hao.

Tatizo ni kwamba hao hawakosi padre. Wenye fedha wanalipa miezi yote iliyorukwa kwa mkupuo, kadi inajaa saini siku moja, na Misa inasomwa. Dawa ananyweshwa mtu mwingine kabisa.

Bado nimo kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya ya nyumbani, na ninachangia kwa simu misiba inayotokea. Siku moja usiku zikaanza kuingia meseji kuhusu mlinzi mmoja wa mtaani kwetu aliyefariki ghafla. Katibu aliandika kwamba jina lake limo katika daftari lakini mahudhurio ni machache, na zaka imesimama kwa muda mrefu. Mzee mmoja akauliza alitegemewa kuhudhuria vipi, wakati jumuiya inasali saa kumi na mbili na nusu na yeye lindo lake linaisha saa moja. Hakujibiwa. Mwingine akaandika kwamba utaratibu ni utaratibu. Mama mmoja akasema huyo baba ndiye aliyekuwa akiwafungulia geti usiku wanapotoka kukesha kwenye misiba. Majadiliano yalikwenda mpaka usiku wa manane. Mwishowe alizikwa na katekista, bila Misa. Watu walijaa, maana mtaa ulimpenda, na rambirambi ilichangwa vizuri kuliko misiba mingi. Walimfanyia kila kitu isipokuwa kile ambacho mjane wake alikuwa anakililia.

Kinachonisumbua ni kwamba utaratibu huo, ukiusukuma mpaka kwenye sheria yenyewe, hausimami. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unasema katika kanuni ya 222 kwamba waamini wana wajibu wa kulitegemeza Kanisa. Sawa, zaka ina msingi. Lakini wanaonyimwa mazishi ya Kanisa wametajwa katika kanuni ya 1184: walioiasi imani, wazushi na waliojitenga kwa kujulikana, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wengine wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini, tena wote hao kama hawakuonyesha dalili ya toba kabla ya kufa. Mwenye deni la zaka hayumo. Aliyekosa vikao vya jumuiya hayumo. Kanuni ya 1181, inayohusu sadaka za mazishi, inaagiza kwamba pasiwe na upendeleo wa watu, na maskini wasinyimwe mazishi yanayowastahili. Kanuni ya 848 inasema vivyo hivyo kuhusu sakramenti: mhitaji asikose msaada wake kwa sababu ya umaskini.

Hapa Ujerumani, kwa ukali wao wote kwa wanaotoka, hilo la maskini wamelitii karibu bila kujua, kwa sababu tu mashine yao haioni nani ni maskini.

Ila nimehudhuria mazishi ya hapa. Mzee wa jengo letu alizikwa mbele ya watu wanne, mmoja wao akiwa mfanyakazi wa kampuni ya mazishi. Aliyeongoza ibada alikuwa mlei aliyetumwa na jimbo la Kanisa, kwa kuwa mapadre ni wachache. Alisoma vizuri, alimtaja marehemu kwa upole, na kila kitu kikaisha kabla mikono haijapata baridi. Kaburi lenyewe ni la kukodi: muda wake, mara nyingi kati ya miaka 15 na 25, ukiisha na hakuna anayelipia tena, linaondolewa. Wapo wasio na hata hao watu wanne, wanazikwa na manispaa. Katika miji kadhaa Wakatoliki na Waprotestanti wanaona uchungu wa jambo hilo, wanakutana kwa sala kuwataja kwa majina waliozikwa bila ndugu. Nawaheshimu sana. Hata hivyo nafikiri yule mlinzi wetu, bila Misa, alizikwa na Kanisa zaidi ya mzee wa jengo letu mwenye haki zake zote.

Katekisimu inatufundisha matendo saba ya huruma ya kimwili. Sita yanatoka katika Mathayo sura ya 25: mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa, mfungwa. La saba, kuzika wafu, linatoka katika Kitabu cha Tobiti, mtu aliyeacha chakula mezani ili akamzike Mwisraeli mwenzake aliyetupwa sokoni Ninawi, wakati kufanya hivyo kulikuwa kumeshamponza na kumfilisi. Hakuna mahali Tobiti anapouliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani.

Wanaponiuliza nyumbani kama tuige kodi ya Wajerumani, jibu langu ni hapana. Ingeua kile kinachotufanya tukeshe. Daftari nalo sitaki lichomwe. Ni chombo kizuri kikitumika mapema. Jina lenye wiki nne tupu ni taarifa ya uhitaji: huenda mtu huyo yuko lindoni, au ni dada wa kazi ambaye mwajiri hamruhusu kutoka, au mama lishe anayewasha moto saa kumi alfajiri, au mgonjwa anayeona aibu kusema.

Ndugu zangu wenyeviti na makatibu wa jumuiya, mnaposoma haya, fungueni daftari wiki hii kabla hajafa mtu. Waandikeni wote ambao kadi zao zimesimama, mgawane majina, mkawatembelee nyumbani, na msiende na risiti. Wawekeeni walinzi na wafanyakazi wa ndani sala ya Jumapili mchana, hata kama watakuja watatu. Nanyi mapadre wetu, tangazeni madhabahuni, kwa Kiswahili cha wazi, kwamba katika parokia yenu hakuna atakayekosa Misa ya mazishi kwa sababu ya deni la zaka.

Sisi tulio huku tutaendelea kutuma rambirambi kwa simu.